Nilimficha mume wangu ugonjwa, akadhani nina mwanaume

Simu iliita saa mbili usiku, mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka 2024. Baba watoto alikuwa mkekani anakula ugali na mgebuka, mimi niko uani naosha sufuria. Simu yangu ilikuwa juu ya kabati inachaji, na jina lililotokea kwenye kioo ni "Fundi Mwanza". Kabla sijafuta mikono, mwenzangu alishapokea.

"Haloo?"

Upande wa pili ilikuwa sauti ya kiume, ya kijana, yenye adabu. Ikaomba kuongea na mama. Mume wangu akauliza, "Wewe nani?" Yule kijana akasita, akasema atapiga baadaye, akakata.

Hebu mpenzi msomaji fikiria wewe ndiye mume. Mkeo ana miaka 47, na ndani ya mwezi mmoja na nusu ameshakwenda Mwanza mara mbili, eti kufuatilia wateja wa dagaa na mawese. Kitandani anakugeuzia mgongo. Usiku anaamka kalowa jasho, anatoka kukaa uani peke yake. Ukimuuliza kuna nini, anasema hakuna kitu. Halafu "fundi" anampigia saa mbili usiku, na akisikia sauti yako anakata. Ungefikiria nini?

Baba watoto hakusema neno. Aliirudisha simu juu ya kabati, akanawa mikono, ugali haujafika hata nusu, akavaa shati akatoka. Nikasikia ndara zake zikielekea barabarani, kisha kimya. Nikabaki nimeishika ile sufuria.

Kijana yule hakuwa fundi. Alikuwa daktari.

Yote yalianza na damu. Kidogo tu, nyekundu, niliiona nikienda haja kubwa, mwanzoni mwa mwaka 2023. Nikajipa jibu mwenyewe: bawasiri. Mwanamke wa rika langu, nimezaa watoto wanne, nabeba magunia ya dagaa na madumu ya mawese tangu usichana, kwa nini nisiwe nayo? Zahanati moja nilikokwenda nayo ikasema bawasiri, bila hata kuniangalia. Nikapewa dawa ya kupaka na kuambiwa nile mboga za majani kwa wingi. Shoga yangu akaniletea mizizi ya kuchemsha, maji yake unayakalia kwenye beseni yakiwa ya vuguvugu. Nikayakalia mwaka mzima. Damu inakata wiki mbili, inarudi. Inakata tena, inarudi.

Na hapa niseme jambo ambalo huwa tunalimeza. Ugonjwa wa sehemu ile huku kwetu una maswali yake. Ukisema unaumwa titi, watu wanakupa pole. Ukisema unaumwa huko nyuma, pole utapewa, lakini jicho la mtu linauliza jingine kabisa: hivi huyu na mumewe chumbani wanafanyaje? Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo usoni. Hakukuwa na haja. Mimi mwenyewe nimewahi kumfikiria hivyo mwenzangu mmoja alipolazwa, Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu 2024, daktari mmoja mwanamke hapa Kigoma mjini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa glovu na kunipima kwa kidole. Akasema bawasiri ipo, ndogo, lakini haitoshi kueleza damu ya mwaka mzima. "Mama, kwa umri wako damu hii tusiibahatishe. Nenda Mwanza ukapigwe kamera ya utumbo mpana."

Nikatoa pesa kwenye kikoba, nikamwambia mume wangu nakwenda kuonana na wateja. Huo ndio ukawa uongo wa kwanza, na ulitoka kirahisi ajabu.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza sana. Mwaka 2009 dada yake, aliyemlea, aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Mume wangu ndiye aliyempeleka Dar es Salaam kwa treni, kutoka hapa mwisho wa reli mpaka Ocean Road. Alimuuguza miezi mitatu, usiku analala kwa jamaa Buguruni, mchana yuko wodini. Alirudi na begi la nguo za dada yake tu. Mwenyewe alizikwa hukohuko. Ocean Road walifanya walichoweza, na baba watoto mwenyewe anakiri kwamba ndiyo walioyatuliza maumivu yake. Lakini tangu hapo neno kansa halitamkwi ndani ya nyumba yetu. Tunasema "ule ugonjwa". Redio ikitaja, anapunguza sauti.

Hiyo ndiyo sababu nzuri, ile ninayoitoa watu wakiniuliza. Ya pili ni mbaya kidogo. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mama aliugua miaka miwili, na mumewe akaongeza mke, kwa maelezo kwamba nyumba inahitaji mtu wa kuisimamia. Dini inamruhusu, wazee walikubali, mgonjwa akaletewa mke mwenza mwenye miaka 26 wa kumpikia uji. Shoga yangu aliniambia waziwazi: "Mwanaume wa Ujiji akisikia mkewe ana kansa, hatafuti dawa, anatafuta msaidizi." Nilicheka, lakini maneno yakaniingia.

Basi nikaenda Mwanza. Nani asiyekijua kilima cha Bugando? Ukiwa mjini, hospitali unaiona juu kule imekaa kama ngome. Usiku wa kuamkia kipimo nililala nyumba ya wageni, na kulala kwenyewe ni jina tu. Unapewa dawa ya kusafisha tumbo, unainywa na maji lita kwa lita, baada ya hapo chumba chako ni choo. Saa tisa usiku nilikuwa nimekaa kule nikisoma tangazo la bei za vyumba kwa mara ya ishirini. Asubuhi tumbo jepesi, kichwa chepesi, moyo mzito.

Kipimo chenyewe sikukisikia, nilichomwa sindano nikasinzia. Nilipoamka daktari akaniambia wamekuta kinyama kimoja kwenye puru, yaani sehemu ile ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Kidogo, milimita 8, chini ya punje ya hindi. Wamekizungushia waya, wamekikata kwa umeme papo hapo, na kitapelekwa maabara. "Vinyama hivi ni vya kawaida, mama. Vingi havina neno. Ila kile chako kilikuwa na rangi ya njano njano na kigumu kidogo, ndiyo maana nataka kikaangaliwe vizuri." Nikarudi Kigoma na furaha yangu. Kimekatwa, kimekwisha. Nilinunua hata kanga doti mbili.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kusikia majibu. Safari ya pili, uongo wa pili. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mengi ya kizungu, na katikati yake neno moja ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu: kasinoidi. Mbele yake kuna neno jingine, nikamuuliza daktari maana yake.

"Linamaanisha huenda."

Mpenzi msomaji, hilo neno "huenda" lilinitesa kuliko kasinoidi yenyewe. Ukiambiwa ndiyo, unalia, unajipanga. Ukiambiwa hapana, unakwenda nyumbani. Ukiambiwa huenda, unakwenda wapi?

Daktari alinieleza kwa upole, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Kuna seli zimetawanyika tumboni mwetu ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni. Seli hizo zikianza kuzaliana ovyo, zinafanya uvimbe. Huo siyo kinyama cha kawaida, na siyo ile kansa ya utumbo tunayoisikia. Uko katikati. Mtaalamu aliyeutazama kwenye hadubini aliona seli zinazofanana nao, lakini ili awe na hakika ilibidi kipande kipakwe rangi maalumu zinazoshika seli za aina hiyo tu, na hiyo ingechukua wiki kadhaa. Tena palikuwa na tatizo jingine: kingo za kile kinyama ziliungua na umeme wakati wa kukikata, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba kimetoka chote.

Nikamuuliza, "Sasa dokta, ni kansa au siyo kansa?"

Akatabasamu, akasema swali hilo lilimsumbua hata aliyetunga jina. Alikuwa Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, daktari wa kuchunguza vipande vya miili mjini Munich. Mwaka 1907 alikuta vivimbe vidogo kwenye utumbo vinavyofanana na kansa lakini vimetulia, havisambai, akaviita kwa neno lenye maana ya "kama kansa". Mwaka 1929 akarudi mwenyewe akasahihisha: baadhi yake husambaa. Mwaka ule wa 1907 Wajerumani haohao walikuwa wanajenga reli kutoka Dar kuja kwetu, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Zaidi ya miaka mia imepita, na jina bado linasitasita. Siku hizi wataalamu wanapenda jina refu zaidi, uvimbe wa nyuroendokrini, ila kwenye karatasi yangu lilikuwepo lile la zamani.

Namba ya yule daktari nikaihifadhi kama "Fundi Mwanza". Nilijiona mjanja.

Kosa langu kubwa lililofuata nilifanya kwa shoga yangu. Nilimweleza yeye, na yeye ana kijana aliyemaliza kidato cha sita, simu haimtoki mkononi. Tukamwambia atafute hilo neno kwenye intaneti. Kijana akaanza kusoma: Steve Jobs, tajiri wa Apple, aligunduliwa uvimbe wa ukoo huo kwenye kongosho mwaka 2003, akafa 2011. Akaendelea: Irrfan Khan, yule mwigizaji wa Kihindi mwenye macho makubwa ya kulegea, alitangaza mwaka 2018 kwamba ana uvimbe wa nyuroendokrini, akatibiwa London, akafariki mwezi wa nne 2020. Nikamwambia inatosha mwanangu, funga simu. Kama mtu mwenye pesa za Apple hazikumsaidia, mimi na magunia yangu ya dagaa?

Lakini kabla hajafunga alishasoma na dalili. Uso kuwaka moto. Mwili kuwa mwekundu. Kuharisha. Na mimi wakati huo, kwa zaidi ya nusu mwaka, nilikuwa nawaka! Niko sokoni nimekaa, ghafla joto linapanda kutoka kifuani mpaka utosini, jasho linachuruzika. Usiku ndiyo usiseme. Hedhi ilikuwa imeanza kuruka miezi, mama yangu aliyapitia hayohayo kwenye umri wangu, bibi pia. Najua kabisa ule ni umri. Lakini mtu mwenye "huenda" kwenye mkoba hafikirii umri. Kila joto likipanda nilikuwa nasema ndiyo huo, umefika kwenye ini.

Kijana akasoma pia kwamba kuna kipimo cha mkojo wa siku nzima kwa ajili ya uvimbe huu, na kabla ya kukifanya hutakiwi kula ndizi, nanasi, parachichi wala nyanya, kwa sababu zinachafua majibu. Mimi nikaelewa kivyangu: vyakula hivyo vinaulisha uvimbe. Hakuna aliyenipa kipimo hicho wala kunikataza chakula, lakini nikaacha vyote. Sasa mtu wa Kigoma aache ndizi, aache nanasi, aache parachichi, anakula nini? Baba watoto alileta mkungu kutoka kwa ndugu zake Kasulu, nikaupika, nikawapakulia, mimi nikala ugali na chumvi. Akaniangalia tu. Kumbe naye alikuwa anaandika kila kitu moyoni.

Kama vile hayo hayatoshi, tarehe 15 mwezi wa tano serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, samaki wazaliane. Sibishani na hilo, dagaa walikuwa wamepungua kweli. Ila kwa nyumba yetu ilikuwa kama kufungiwa wawili ndani ya sanduku. Mume wangu ni fundi wa injini za boti Kibirizi. Kwa kawaida anatoka alfajiri anarudi magharibi, na kipindi cha giza, wavuvi wanapotoka na taa usiku, hata kulala analala kwenye mwalo. Sasa boti zimefungwa, hana injini ya kushika. Yuko nyumbani. Anatengeneza kiti, anatengeneza mlango, anaangalia mkewe. Na mimi biashara imesimama, sina hata kisingizio cha kwenda sokoni kulia.

Ndipo simu ikaita.

Alirudi karibu saa sita usiku. Sikuwa nimelala. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema polepole, "Mama watoto, nimekaa na wewe miaka 24. Kama umenichoka niambie kwa mdomo wako. Usiniache niambiwe na simu."

Nikamwambia, "Sina mwanaume. Nina uvimbe."

"Uvimbe wapi?"

Unaamini kwamba nilishindwa kusema? Mtu aliyenishuhudia nikizaa. Nikainuka, nikatoa bahasha chini ya nguo kwenye sanduku, nikampa. Akasogea kwenye taa, akasoma kwa kidole, kiingereza chake ni cha darasa la saba na vitabu vya Yamaha.

"Hii inasema nini?"

"Inasema huenda."

"Huenda nini?"

"Huenda ni ule ugonjwa. Au ndugu yake."

Akakunja karatasi vizuri kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa dua, au kwa kunikumbatia kama kwenye filamu. Alichouliza ni kimoja: "Nani mwingine anajua?"

Nikamtaja shoga yangu. Na kijana wake.

"Kwa hiyo Ujiji nzima wanajua mke wangu anaumwa," akasema. "Mimi ndiye mgeni."

Hapo ndipo nilipojua nimemuumiza kiasi gani. Nilidhani namkinga na kansa. Yeye alichoona ni kwamba kwa miezi miwili nimemchagua mtoto wa watu wa miaka ishirini awe msiri wangu badala yake. Alikasirika wiki nzima. Siyo hasira ya makelele, ni ile ya kujibu "ndiyo" na "hapana". Nilitamani angenipigia kelele.

Asubuhi yake nilimpigia daktari mwenyewe, mbele ya mume wangu, spika imefunguliwa. Rangi zimethibitisha: ni kasinoidi. "Njoo mama, na safari hii ukiweza njoo na mtu."

Mume wangu akasema kwa sauti kavu, "Atakuja na mtu."

Tuliondoka mwezi wa sita. Basi linatoka alfajiri, linapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, siku nzima vumbi na matengenezo ya barabara. Siku ile baba watoto alizungumza na dereva, na kondakta, na mzee mmoja aliyebeba asali. Na mimi hakuzungumza. Tulipofika Busisi kusubiri feri, jua limeshaegemea, akashuka akarudi na nanasi limemenywa kwenye mfuko. Akanipa kipande. Nikatikisa kichwa.

"Hata nanasi?"

Ikabidi nimweleze habari ya ndizi na parachichi na mkojo. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza. Halafu mdomo ukaanza kumcheza. "Yaani mkungu wangu wa Kasulu," akasema, "uliukataa kwa ajili ya mkojo?" Akacheka mpaka mzee wa asali akageuka. Nami nikacheka, machozi yananitoka, sijui ni ya nini.

Kwa daktari, kesho yake, ndiye aliyeuliza maswali yote. Mimi sikuwahi kuuliza hata nusu yake. Alitaka kujua ukubwa, kina, kama kimegusa nyama ya chini, kama kinarudi, kana kwamba anauliza habari za bloku iliyopasuka. Daktari akamjibu moja moja. Uvimbe wa namna hii kwenye puru, ukiwa chini ya sentimita moja na haujaingia ndani, ni mara chache sana kusambaa. Wangu seli zinazogawanyika hazifiki 3 katika kila 100, hilo ndilo daraja la chini kabisa. Ule wa Steve Jobs ulikuwa kwenye kongosho, ukoo mmoja lakini tabia tofauti. Uvimbe wa puru kwa kawaida hautoi ile homoni inayowasha uso, na ile hali ya kuwaka huja hasa uvimbe ukishafika kwenye ini. "Joto lako mama ni la umri. Kula ndizi."

Akatuambia pia kwamba wagonjwa wa uvimbe huu duniani wamechagua punda milia kuwa alama yao. Eti madaktari wa Ulaya na Marekani hufundishwa kwamba wakisikia kwato wafikirie farasi, wasifikirie punda milia, maana ugonjwa wa kawaida ndio hutokea mara nyingi, na hawa ndio walikuwa punda milia wasiofikiriwa. Mume wangu akasema, "Dokta, sisi huku tukisikia kwato kwa nini tufikirie farasi?" Daktari mwenyewe alicheka.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. Akashusha sauti, akatazama chini. "Samahani dokta. Hii kitu inatokana na nini? Kuna kitu... sisi tumefanya?"

Nikamtazama. Kumbe na yeye. Ile aibu niliyodhani naibeba peke yangu, naye alikuwa nayo, anaogopa watu watasema alinifanya nini.

"Hapana mzee," daktari akasema. "Kwa watu wengi hakuna sababu inayojulikana. Hakuna kitu mlichofanya."

Kilichobaki ni zile kingo zilizoungua. Ultrasaundi ya tumbo ilifanywa, ini likaonekana safi. Mwezi wa saba tukarudi, kamera ikaingia tena, wakakuta kovu pale kinyama kilipokuwa. Wakalikwangua, wakachukua vipande. Safari hii majibu tuliyasubiri wawili, na niwaambie ukweli, kusubiri wawili siyo rahisi kama inavyosemwa. Yeye usiku alikuwa anaamka kuliko mimi. Mara mbili nilimkuta uani kwenye kiti changu. Mawazo ya dada yake yalimrudia, akanisimulia mambo ya Ocean Road ambayo kwa miaka 15 hakuwahi kuyasema, mengine bora nisingeyasikia. Vipande vikarudi safi. Hakuna kilichobaki. Wiki chache baadaye ziwa likafunguliwa, akapotelea Kibirizi na injini zake, nami nikarudi kwenye magunia.

Kuna kitu kimoja nilitaka kukijua. Tukiwa kwenye basi tunarudi, mwezi ule wa saba, kizani baada ya Kibondo, nilimuuliza: "Kama ingekuwa mbaya, ungeoa?"

"Swali gani hilo."

"Nijibu tu."

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani kasinzia. "Sijui," akasema. "Hukunipa nafasi ya kujua."

Sikupata jibu jingine, na mpaka leo sijalirudia lile swali. Shoga yangu anasema ningepaswa kumbana. Shoga yangu kwa sasa simwambii kila kitu.

Mwezi wa saba mwaka 2025 tulikwenda kwa ukaguzi wa mwaka. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja kabla, kilomita tatu juu ya maji, na pale tulipozoea kusubiri feri basi lilipita bila hata kupunguza mwendo. Mume wangu akalalamika kwamba sasa nanasi tutanunua wapi. Kamera ikaingia kwa mara ya tatu, kovu limelala, hakuna kitu. Daktari akatupa tarehe nyingine, kwa uangalifu tu.

Baba watoto akatoa daftari lake la kazi, lile lenye mafuta ya injini kila ukurasa, akaiandika hapohapo, chini ya propela ya mtu wa Katonga na juu ya deni la plagi mbili. Nilipochukua simu kumpigia binti yetu, nikakuta ile namba ya Mwanza imeshabadilishwa jina. Sijui aliibadilisha lini. Imeandikwa "Daktari wetu".